Namba ya Mtu, Namba ya Mstari

Tukiri mwanzoni kabisa: kwa wiki nane Mtaalamu hakuona kitu. Kila Jumatatu asubuhi orodha ilichapishwa na kubandikwa kwenye ubao wa kliniki ya macho. Watu waliizunguka, wakaisoma kwa kuifuata kwa kidole, wengine wakaondoka wanatabasamu na wengine wamenuna, naye alipita hapo mara nne kwa siku akienda kunywa chai na kurudi. Hata siku moja hakusimama kulinganisha karatasi ya wiki hii na ya wiki iliyopita. Alinganishe nini, na orodha ameitengeneza mwenyewe?

Kazi yake pale hospitalini ilikuwa kutunza kanzidata, yaani ile hazina kubwa ya taarifa za wagonjwa iliyokaa ndani ya mashine mbili katika chumba cha ghorofa ya pili, chenye feni moja na dirisha lisilofunguka. Wauguzi ndio waliompa jina la Mtaalamu, nusu kwa heshima na nusu kwa utani, kwa sababu ukimuuliza kwa nini printa imegoma alikujibu kwa dakika kumi na moja, akianzia mbali. Alikuwa na shahada mbili, shati lililopigwa pasi, na mazoea ya kusoma kila alichokiandika mara tatu kabla ya kukiachia. Kwa hiyo kosa hili halikutokana na uzembe. Lilitokana na jambo ambalo hata mtu makini haendi kulitafuta, kwa kuwa anaamini limekwisha.

Jambo lenyewe lilikuwa foleni ya upasuaji wa mtoto wa jicho. Daktari bingwa alifika mara mbili kwa mwaka, akakaa wiki moja, akafanya upasuaji kwa watu arobaini, akaondoka. Wa arobaini na moja alingoja miezi sita mingine katika ukungu wake. Mtaalamu alikuwa ameandika hoja moja fupi, isiyozidi kiganja kwenye skrini, inayoiambia kanzidata hivi: nipe wote wanaongoja upasuaji, wapange kwa tarehe ya kuandikishwa, kisha hesabu mistari ya majibu kuanzia juu, moja, mbili, tatu, hadi wa mwisho. Namba hizo ndizo zilizobandikwa ubaoni. Aliipenda hoja ile kama seremala anavyopenda droo inayoingia bila kusukumwa.

Zikiwa zimebaki siku nne bingwa afike, binti wa fundi cherehani alisimama mbele ya dirisha la masjala na kupaza sauti.

"Nafasi ya baba yangu mmempa nani?"

Karani wa masjala alikuwa mama wa makamo aliyeitwa na wote Bi Jalada, kwa sababu ndani ya miaka ishirini na sita hakuna jalada lililowahi kupotea mikononi mwake. Alivua miwani.

"Taratibu, binti yangu. Baba yako ni namba ngapi?"

"Wiki ya kwanza alikuwa thelathini na moja. Leo ni tisini na tatu! Tisini na tatu, mama! Mtu anasogea mbele kwenye foleni, sijawahi kuona mtu anayesogea nyuma kama gari bovu mlimani. Na wifi yako je? Alianza sitini na sita, leo ni thelathini na nane. Yeye ana mabawa?"

Ilikuwa kweli kwamba wifi yake Bi Jalada, dada wa mumewe, alikuwa katika orodha hiyo. Ilikuwa kweli pia kwamba amepanda wiki hadi wiki kama mtu anayepanda ngazi. Na pale masjala aliyekuwa na ufunguo wa kurekebisha taarifa za wagonjwa zikishaingizwa alikuwa Bi Jalada peke yake.

Katibu wa hospitali alimwita Mtaalamu ofisini siku hiyohiyo. Alimuuliza swali moja tu: je, inawezekana mashine ndiyo iliyokosea?

Mtaalamu alitabasamu. "Bosi, mashine inapanga kwa tarehe. Haijui nani ni nani. Kompyuta haina wifi wala shemeji."

Katibu alicheka. Kabla ya jioni maneno hayo yalikuwa yamefika maabara, duka la dawa na lango la walinzi, kila aliyeyapokea akiyaongezea chumvi kidogo. Mtaalamu aliyasikia yakirudi kwake kutoka kwa mfagizi wa ghorofa ya pili na akaona fahari kidogo. Hakufikiri kwamba amemhukumu mtu. Kesho yake barua ilitoka: Ijumaa saa nane mchana Bi Jalada afike mbele ya katibu ajieleze, akishindwa, ataondolewa masjala, na taarifa itawekwa katika jalada lake la utumishi kwamba alipindisha foleni ya wagonjwa kwa ajili ya ndugu.

Ijumaa asubuhi simu ya mezani ikalia katika chumba chenye feni.

"Mwanangu, una nafasi kidogo? Shuka huku masjala. Usije na kompyuta, njoo na macho."

Alishuka bila hamu. Alitarajia kilio, au pengine ombi la chinichini ambalo angelazimika kulikataa kwa upole. Alimkuta Bi Jalada amepiga magoti katikati ya makabati, viatu amevua, na sakafu nzima imefunikwa karatasi: orodha zote nane, zimepangwa kutoka mlangoni hadi dirishani, kila moja imekandamizwa kwa jalada zito ili upepo usiichukue.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Vua viatu, usinikanyagie ushahidi."

Akavua. Soksi yake moja ilikuwa na tundu kidoleni, naye Bi Jalada aliliona, akalisamehe.

"Nikuulize kitu cha kijinga," alisema. "Hii namba ya pembeni. Ni ya mtu, au ni ya mstari?"

"Ni ya mstari," Mtaalamu akajibu bila kufikiri. "Hoja ikishatoa majibu, inahesabu mistari. Mtu mwenyewe hana namba mle ndani. Namba inazaliwa pale tunapochapisha, tukimaliza inakufa. Jumatatu ijayo inahesabu upya."

"Ahaa." Bi Jalada aliinama tena. "Ila watu wanadhani ni yao. Wanaikariri. Yule mzee wa cherehani alikuwa anamwambia kila mtu, mimi ni thelathini na moja, kama anataja jina la ukoo."

Mtaalamu alisikia maneno yake mwenyewe yakimrudia masikioni, na kwa mara ya kwanza hayakumfurahisha. Alichuchumaa.

"Sasa tazama," aliendelea Bi Jalada. "Hawa tisa wa juu. Karatasi ya kwanza, ya pili, mpaka ya nane. Wametikisika?"

Hawakuwa wametikisika. Tisa walewale, kwa mpangilio uleule.

"Na hawa wa kuanzia tisini na nne kwenda chini, walioandikishwa baadaye?"

Walikuwa wamebadilishana hapa na pale, wawili wawili, lakini hakuna aliyeruka mbali.

"Vurugu yote iko hapa katikati. Kumi mpaka tisini na tatu. Watu themanini na wanne. Unajua ni akina nani? Ni wa ile siku ya uchunguzi wa macho, tulipowapima pale uwanjani tangu asubuhi. Wote tarehe moja. Wanahama, mwanangu, wanahama kama ndege, lakini hakuna hata mmoja anayevuka siku yake. Nikajiuliza, mwizi gani huyu wa foleni anayeheshimu kalenda?"

Ndani ya kichwa cha Mtaalamu ile hoja yake fupi ilikuwa inajisoma upya, polepole, na alipofika kwenye neno la kupanga alisimama hapohapo. Aliiambia kanzidata ipange kwa tarehe. Hakuiambia ifanye nini watu themanini na wanne wakiwa na tarehe moja. Wakati wa majaribio alikuwa na wagonjwa wawili watatu kwa siku, na mashine iliwarudisha kila mara kwa utaratibu uleule. Akachukulia kuwa huo ndio utaratibu. Kumbe mashine haikuahidi kitu. Wenye tarehe sawa iliwatoa kwa namna yoyote iliyowakuta.

"Haina mpangilio," alisema kwa sauti ndogo. "Kwa hao wa siku moja, mama, haina mpangilio wowote. Ni bahati nasibu."

"Hapana," alisema Bi Jalada.

"Samahani?"

"Si bahati nasibu. Hapo ndipo na mimi nilipokwama jana, nikataka kuacha. Halafu nikaangalia hiki." Akatoa chini ya meza daftari la dirishani, ambamo aliandika kila aliyekuja na shida yake. "Mzee wa cherehani, wiki ya pili. Binti yake kaja, anasema namba ya simu imekosewa. Nikairekebisha kwenye kompyuta. Jumatatu iliyofuata mzee ni tisini na tatu, mkia kabisa. Wiki ya tano amepanda, ni themanini na nne. Binti akaja tena, jina la mtaa si lenyewe. Nikarekebisha. Jumatatu, tisini na tatu. Juzi juzi kaja kuongeza simu ya kaka yake, isije ikawa hospitali inapiga, hawapatikani. Tisini na tatu."

Mtaalamu alikuwa amesahau kuchuchumaa. Alikaa sakafuni kabisa.

"Wapo ishirini na saba wengine," alisema Bi Jalada. "Wote walikuwa juu ya wifi yangu, wote walikuja dirishani kufuatilia, wote niliwagusa, wote wakaanguka chini. Na yeye, unamjua wifi yangu? Yule mtu hafuatilii hata sufuria iliyo jikoni. Tangu aandikishwe hajakanyaga hapa. Amekaa kwake kimya, wenzake wanaanguka mbele yake, naye anapanda. Kapandishwa na uvivu."

Alicheka, kicheko kifupi, kisha akafuta macho kwa nyuma ya kiganja, na Mtaalamu akatambua kwamba mama huyu hakuwa amelala vizuri kwa siku kadhaa.

Sababu yenyewe aliijua, ilikuwamo katika vitabu vyake. Taarifa ya mtu ikirekebishwa, kanzidata ile haifuti na kuandika palepale. Huandika nakala mpya mahali pengine penye nafasi, mara nyingi mwishoni mwa wenzake, na isipoambiwa vinginevyo huwasoma kama walivyokaa. Alilifahamu hilo tangu mwaka wa pili chuoni na alilipatia alama nzuri kwenye mtihani. Lakini hakuwahi kuliona likitembea na miguu ya watu. Bi Jalada, ambaye hakujua kilichomo ndani ya ile mashine wala hakutaka kujua, alikuwa amelitoa kwenye karatasi nane na daftari moja, akiwa amepiga magoti.

"Mama," alisema, "ulijuaje kwamba utafute hapa?"

"Sikujua. Nilijua tu kwamba sijaiba. Ukishajua hilo kwa hakika, kazi iliyobaki ni ya kutafuta."

Walifanya jaribio moja, kwa sababu wote wawili hawakuwa watu wa kuamini hadithi tamu. Bi Jalada alichagua jina la wifi yake, namba thelathini na nane, akabadilisha simu yake, akairudisha ilivyokuwa. Mtaalamu akachapisha orodha. Wifi alikuwa wa tisini na tatu.

"Ee, karibu chini," alisema Bi Jalada.

Mtaalamu aliangalia saa. Saa sita na nusu. "Naitengeneza sasa hivi," alisema, akishika viatu. "Dakika tano. Wenye tarehe moja nitawapanga kwa namba ya jalada. Kila mtu anayo, hazifanani, hazibadiliki."

"Kaa chini."

Akakaa.

"Namba ya jalada ni ya lini? Ni ya siku mtu alipofika hospitali hii mara ya kwanza maishani. Aliyevunjika mkono miaka kumi iliyopita ana namba ndogo. Ambaye hakuwahi kuugua, siku ya macho ndiyo mara yake ya kwanza, ana namba kubwa. Unataka kuwaweka mbele wale waliowahi kuvunjika?"

Mtaalamu alifumba macho. Alikuwa ameshaliona kosa lake la kwanza na bado, kwa ufasaha na haraka ileile, alikuwa anataka kuchukua safu iliyo karibu na kuiita haki. "Basi saa walizoingizwa kwenye mfumo," alisema, bila uhakika.

"Fomu ziliingizwa na watu wawili, siku tatu baadaye, kutoka kwenye boksi lililoanguka njiani. Mimi ndiye niliyeziokota."

"Basi hatuna kitu."

"Tuna fomu zenyewe. Uwanjani nilikaa mimi getini. Kila aliyeingia kuandikishwa upasuaji nilimwandikia juu kulia, kwa penseli: moja, mbili, tatu. Hakuna aliyeniagiza. Niliona tu kwamba watu wamesimama juani tangu alfajiri, na mtu aliyefika mapema ana haki ya kuonekana kwamba alifika mapema."

Boksi lilikuwa kwenye kabati la tatu, rafu ya chini. Kwa saa moja na robo Bi Jalada alikaa sakafuni akisoma namba za penseli, na Mtaalamu, kwenye kompyuta ya masjala, akiziingiza katika safu mpya aliyoifungua kwenye kanzidata, ambayo hakuna hoja ingeweza kuihesabu upya. Alisoma bila kuharakisha na bila kurudia. Walipofika kwenye fomu ya fundi cherehani alisema, "Kumi na saba." Walipofika kwenye fomu ya wifi yake alisema, kwa sauti ileile, "Sabini."

Mtaalamu alisimamisha vidole. Tisa wa juu, kuongeza sabini. "Atakuwa wa sabini na tisa, mama. Mara hii hatafanyiwa."

"Nimehesabu. Endelea, sabini na moja ndiyo hii."

Saa nane kamili waliingia kwa katibu. Binti wa fundi cherehani alikuwa ameshafika, ameketi wima, mkoba mapajani. Katibu alifungua faili na kuanza kwa kukumbusha kwamba, kama Mtaalamu alivyoeleza vizuri, kompyuta haina wifi wala shemeji.

"Naomba kuyafuta maneno hayo, bosi," alisema Mtaalamu. "Kompyuta haina wifi, ndiyo. Lakini niliipa kazi ya kuhesabu watu bila kuiambia nani anatangulia nani. Ilichohesabu ni mistari. Kosa ni langu, na liko kwenye hoja niliyoiandika mimi. Aliyeligundua ni huyu mama mnayetaka kumwondoa."

Akaeleza. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe alieleza kwa dakika nne tu, kwa kuwa aliyatumia maneno ya Bi Jalada na si yake. Katibu alidai karatasi, akapewa zote nane. Alidai daftari, akapewa. Alifuata mistari kwa kalamu yake mwenyewe, wiki kwa wiki, akaguna mara mbili, na mwishowe akafunga faili.

Binti ndiye aliyetangulia kusema.

"Kwa hiyo kila nilipokuja..." Alishika mdomo. "Yaani baba yangu nilikuwa namrudisha nyuma mwenyewe? Kwa nauli yangu?"

"Ulikuja kwa sababu unampenda," alisema Bi Jalada. "Mashine ndiyo haikujua. Sasa ni wa ishirini na sita. Jumatano umlete, asile kitu asubuhi."

"Mama, nilikutukana mbele za watu."

"Ulinitukana vizuri, mpaka maabara walisikia. Ukiniomba radhi, tafadhali tumia sauti ileile."

Binti alicheka huku analia. Kisha akatoka koridoni, na kweli, aliitumia sauti ileile.

Wifi alipata habari jioni na akapiga simu papo hapo. Mtaalamu, aliyekuwa amerudi masjala kuchukua kalamu yake, alisikia sauti yake ikivuma kutoka kwenye simu iliyoshikwa mbali na sikio: "Wewe ni wifi wa namna gani? Nimekaa kwangu nimetulia, namba yangu nzuri, unaenda kunishusha kwa mikono yako!"

"Ndiyo, wifi. Mikono yangu hii hii."

"Na miezi sita nitaona nini?"

"Utaniona mimi. Nitakuja kila Jumapili nikusomee barua za wanao, na ukitaka nitaruka zile sehemu wanazoomba vitu."

Kwa manung'uniko, wifi alimuuliza Jumapili saa ngapi.

Mtaalamu alisimama mlangoni na kalamu yake. Katika masomo yake yote alifundishwa na watu waliojua mengi kuliko Bi Jalada, na wengi wao aliwaheshimu. Lakini hakuweza kukumbuka hata mmoja ambaye, akiwa na jina lake mwenyewe mezani na saa zinakimbia, angeacha kutafuta jibu linalomwokoa ili atafute lililo la kweli, na akalipata, na likamgharimu nafasi ya ndugu yake, na akalisoma kwa sauti bila kupunguza mwendo. Alitaka kumwambia hivyo. Alichosema ni, "Kesho nitakuja na soksi nzima, mama," naye Bi Jalada akamwambia hilo litakuwa jambo la maana.

Fundi cherehani alifanyiwa upasuaji Jumatano, akiwa mtu wa ishirini na sita. Bi Jalada alibaki masjala, na barua ya tuhuma ikaondolewa katika jalada lake la utumishi. Kuanzia wiki hiyo namba ya foleni hutolewa mara moja, siku mtu anapoandikishwa, kwa kufuata alivyofika. Huandikwa kwenye kadi yake na kuhifadhiwa katika kanzidata, na hakuna marekebisho ya simu wala ya mtaa yanayoigusa. Na hoja yoyote inayopanga watu, Mtaalamu huishusha kwanza masjala, imechapishwa kwenye karatasi, Bi Jalada aisome.